Bomba la Moshi la Lori la Chama: Kulikunja, Kuliunga na Kulikagua

Kila mkulima wa tumbaku ya mvuke katika Sikonge anaijua kazi ya bomba lililolazwa ndani ya bani. Moto unawaka tanuruni, hewa ya moto inapita ndani ya bomba la bati mpaka kwenye dohani, joto linapenya ukuta wa bati na kulikausha jani, lakini moshi wenyewe haugusi jani hata kidogo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tumbaku hii na tumbaku ya moshi inayolimwa Ruvuma. Bati likitoboka au kiungo kikiachia, moshi huingia banini, jani hushika harufu, na siku ya soko mteuzi hulishusha daraja. Hakuna mwanachama anayehitaji kuelezwa zaidi juu ya hasara hiyo.

Ajabu ni kwamba mwanachama huyo huyo, ambaye hawezi kuvumilia tundu la ukubwa wa punje ya mtama katika bomba la bani lake, huyapakia marobota yake juu ya lori ambalo bomba lake la moshi limefungwa kwa waya na kuzibwa kwa kipande cha mkebe. Jani lililolindwa na moshi kwa siku zote za kukaushwa sasa husafiri saa tatu au nne juu ya moshi wa dizeli. Kama lori ni la chama, hasara haiishii kwenye jani: chama hulipa mafuta yanayozidi na vipuri vinavyokufa kabla ya wakati wake, na dereva na utingo wake hulipa kwa afya yao. Kwa sababu hiyo inafaa makatibu na wajumbe wa kamati waelewe jinsi bomba la moshi, au ekzosi kama mafundi wanavyoliita, linavyotengenezwa, ili wanapotia sahihi hati ya malipo wajue walichokinunua.

Kwanza ifahamike ni moshi kiasi gani unaopita humo. Chukua injini ya dizeli ya lita 6 isiyo na tabo, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Injini ya namna hiyo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo humeza karibu lita 6,000 za hewa kila dakika. Hewa hiyo ikishaungua hutoka ikiwa moto mkali, na kitu kilichopata moto hutanuka. Moshi wenye nyuzi 400 za Sentigredi huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya hewa iliyoingia. Hivyo injini hutoa zaidi ya lita 12,000 kwa dakika, yaani pipa zima la lita 200 kila sekunde. Pipa hilo hulazimika kupita katika bomba la inchi 3, na ili lipite kwa wakati hukimbia kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa saa.

Moshi wa bani hupanda wenyewe kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Moshi wa injini husukumwa na pistoni. Kila kizuizi kinachowekwa njiani, pistoni hulazimika kukishinda kwa nguvu ambayo ingelizungusha gurudumu. Na moshi unaoshindwa kutoka hubaki ndani ya silinda, ukachukua nafasi ya hewa safi; mafuta hayaungui yote, lori hutoa moshi mweusi, injini hupata joto kupita kiasi, na dereva hukanyaga mafuta zaidi akidhani pampu imechoka. Pampu za dizeli zimefunguliwa mara nyingi bure, hali ugonjwa ulikuwa katika kona moja ya bomba iliyobonyea chini ya lori.

Upana wa bomba una hesabu yake, nayo huwapotosha watu. Bomba la inchi 3 likibadilishwa kwa la inchi 2 na nusu, kwa macho tofauti ni ndogo, nusu inchi tu. Lakini nafasi ya kupita hupungua kwa karibu theluthi moja, na upinzani dhidi ya moshi huongezeka karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo fundi anaposema kwamba bomba la ukubwa unaotakiwa halipo mjini ila hili jembamba kidogo litafaa, katibu na asikubali. Bomba pana kidogo kuliko la asili linaweza kukubaliwa kwenye lori, jembamba, hapana.

Katika gereji nyingi siku hizi vijana husema dawa ni kukata sailensa na kuacha bomba wazi, kama magari ya mashindano. Neno hili linastahili kujibiwa vizuri, maana lina punje ya ukweli. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwafundisha mafundi wa Afrika Mashariki mengi juu ya mabomba. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, anakumbukwa na wazee wengi hata huku bara. Katika gari la mashindano kila silinda hupewa bomba lake, na mabomba hayo hukunjwa kwa ustadi ili yawe na urefu uliopimwa kabla ya kukutana. Moshi hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, pigo baada ya pigo. Urefu ukiwa sahihi, pigo la silinda moja linapopita kwenye makutano huacha nyuma yake nafasi yenye mvuto, nao mvuto huo humsaidia jirani yake kutoa moshi wake. Huo ndio ufundi wenyewe, na kelele ni makapi yake tu.

Lakini urefu huo hupimwa kwa ajili ya injini moja na kwa mwendo mmoja wa juu. Lori la dizeli linalopanda na robota zake kutoka Kitunda haliko katika mwendo huo, na likiwa na tabo, mapigo hayo huvunjwa na tabo yenyewe kabla hayajafika mbali. Kulikata sailensa yake ni kununua kelele. Sailensa nzima, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ile, huzuia kidogo sana. Kinachozuia ni sailensa iliyojaa masizi na kutu, kiungo kilichochomelewa vibaya hata chuma kikaingia ndani, na juu ya yote, kona iliyokunjwa vibaya. Jambo la kuiga kutoka magari ya Safari ni jingine: mabomba yao hupandishwa juu karibu na chesisi na kukingwa na bamba la chuma, kwa kuwa jiwe moja likigonga bomba safari imekwisha. Barabara zetu za mashambani zina mawe na visiki vya kutosha kulifanya somo hilo liwe la kwetu.

Sasa kuhusu kukunja. Bomba linapokunjwa, ukuta wa nje wa kona hunyooshwa na ukuta wa ndani hujikunyata. Katikati kuna mstari usiorefuka wala kufupika. Ikiwa kona ina nusu-kipenyo cha mara tatu ya upana wa bomba, kikipimwa kwenye mstari huo wa kati, basi kila sentimita 6 za upande wa nje hulazimika kuwa 7, na kila sentimita 6 za upande wa ndani huwa 5. Chuma laini huvumilia hivyo bila kulalamika. Kona ikikazwa mpaka nusu-kipenyo kiwe sawa na upana wa bomba, sentimita 6 hutakiwa kuwa 9. Hapo ukuta wa nje huwa mwembamba kama karatasi au hupasuka, wa ndani hufanya mikunjo, na bomba zima hubonyea likawa kama yai.

Viwandani bomba hukunjwa kwa mashine yenye kiungo cha chuma kinachoingizwa ndani ya bomba na kukaa mahali hasa pa kona, kikizuia ukuta usibonyee. Mashine hiyo ni ghali na haitegemewi kuonekana katika gereji ya kawaida. Kinachoonekana ni jeki ya kukunjia mabomba ya maji. Jeki hiyo ni chombo kizuri kwa kazi yake, yaani mabomba ya maji yenye ukuta mnene. Bomba la moshi lina ukuta wa milimita 1 na nusu au 2 tu. Likiwekwa tupu katika jeki hiyo, hubonyea pale linaposukumwa. Makatibu wengi wameilipia kona ya namna hii bila kujua.

Njia iliyobaki, nayo ni ya kuaminika, ni ya mchanga. Nchi hii ya Unyamwezi si ngeni kwa chuma. Zama za misafara, majembe yaliyofuliwa Usumbwa yalikuwa bidhaa iliyotafutwa katika soko la Unyanyembe, na mvukuto ulijulikana kabla ya jeki. Njia ya mchanga inahitaji mvukuto, mkaa, na subira.

Fundi huanza kwa waya. Waya mnene hukunjwa chini ya lori kufuata njia ambayo bomba litapita, kuepuka ekseli, tangi la mafuta na mipira ya breki. Waya huo ndio kigezo. Kisha huchagua mchanga mwembamba wa mtoni, huuchekecha, na kuukaanga kwenye bati mpaka usiwe na unyevu hata chembe. Hapa hapana budi kusisitiza. Mchanga wenye maji ukifungiwa ndani ya bomba na bomba kutiwa motoni, maji hugeuka mvuke, na mvuke huo hurusha kizibo kama risasi. Kwa sababu hiyo mchanga hukaangwa hata kama unaonekana mkavu, kizibo cha mti hutobolewa tundu dogo la kupumulia, na mtu hasimami mbele ya ncha za bomba wakati lipo motoni.

Bomba huzibwa upande mmoja, husimamishwa, na kujazwa mchanga kidogo kidogo huku likigongwa kwa nyundo ya mti kuanzia chini kwenda juu, mpaka mchanga usishuke tena. Fundi mwenye haraka hujikuta na kona iliyobonyea kwa sababu hakugonga vya kutosha. Mchanga uliolegea hauna faida yoyote. Baada ya kuziba upande wa pili huweka alama za chokaa. Urefu wa kona ya pembe mraba hupatikana kwa kuzidisha nusu-kipenyo cha kona kwa 1.57. Kwa bomba la milimita 76, ambalo ni inchi 3, nusu-kipenyo cha mara tatu ni milimita 228, na urefu wa kupashwa moto ni karibu sentimita 36. Sehemu hiyo peke yake ndiyo inayotiwa motoni, ikigeuzwa geuzwa, mpaka iwe nyekundu inayong'aa pande zote. Kisha hukunjwa polepole kuzunguka kigezo cha duara kilichofungwa imara, huku ikilinganishwa na waya. Mshono wa bomba, yaani mstari ambapo bati liliungwa kiwandani, huwekwa ubavuni mwa kona, kwa kuwa ubavu haunyooshwi wala haujikunyati. Mshono ukiwekwa nje hupasuka. Likisha kupoa, mchanga hutolewa wote na bomba hugongwa na kupulizwa, maana chembe zikibaki husafiri hadi kwenye sailensa.

Kwa kona za kukaza sana ambapo nafasi haitoshi, ipo njia ya vipande, ambayo mafundi bati wa mabani wanaijua kwa jina la kiwiko. Bomba hukatwa kwa mshazari na vipande huchomelewa. Viungo vinne hutoa pembe mraba kila kimoja kikipinda nyuzi 22 na nusu, na mkato wa kila uso huwa nusu ya hapo, nyuzi 11 na robo. Anayeunga pembe mraba kwa mkato mmoja wa nyuzi 45 amejenga ukuta mbele ya moshi, hata kama mchomeleo wake ni mzuri wa kupendeza.

Onyo moja juu ya vifaa. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki ni rahisi kupatikana, na mara nyingi hubaki katika stoo baada ya mradi wa kisima. Yasitumike. Zinki ikipashwa joto la kuchomelea hutoa moshi mweupe, na fundi aliyeuvuta hushikwa na homa na baridi saa chache baadaye, akadhani ni malaria. Kuyanunua mabomba meusi ya chuma laini ni gharama ndogo kuliko siku za fundi kitandani.

Bomba likisha kukunjwa, kulifunga nako kuna akili yake. Chuma hutanuka kwa joto. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 hurefuka karibu sentimita moja, na sentimita hiyo hapana budi ipate pa kwenda. Tena injini hutikisika juu ya raba zake huku chesisi ikijipinda kwa njia yake. Bomba lililochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi litapasuka, na mara nyingi halipasuki lenyewe ila huipasua manifoldi, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi. Ndiyo maana huwekwa kipande kinachonyumbuka karibu na injini, na vishikizo vya raba huko nyuma. Kazi yote ya kuchomelea ifanyike bomba likiwa chini, si chini ya tangi la dizeli. Na kama hapana budi kuchomelea kwenye gari, nyaya za betri zifunguliwe kwanza.

Kutu ya bomba huanzia ndani. Dizeli ikiungua hutoa maji: karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya mafuta. Injini ikiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana. Lori likiwashwa asubuhi, likasogezwa kutoka ghalani hadi mizani na kuzimwa, maji hubaki ndani ya sailensa. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya sailensa hutobolewa tundu dogo la milimita 3 la kutolea maji. Baadhi ya madereva huliziba wakidhani ni hitilafu.

Yamebaki mambo mawili yenye kugusa uhai. La kwanza ni sumu. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini bomba linalovuja chini ya chumba cha dereva humpa dereva kichwa kizito na usingizi, na dereva mwenye usingizi katika barabara ya Mpanda ni hatari kwa kila aliyemo njiani. Aidha, mwaka 2012 idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Utingo anayelala juu ya marobota, chini ya turubai, karibu na bomba lililopasuka, yumo katika hali mbaya kuliko wote.

La pili ni moto. Msimu wa masoko ya tumbaku huangukia kiangazi, majani ya miombo yakiwa makavu. Masizi yaliyoganda ndani ya bomba hubanduka wakati injini inapobeba mzigo mzito na hutoka kama cheche. Bomba lililokatwa katikati na kuelekezwa chini hupuliza cheche hizo moja kwa moja katika nyasi. Lililoelekezwa juu pembeni mwa mzigo huzipuliza kwenye gunia na jani kavu. Sailensa nzima huzivunja cheche nyingi kabla hazijatoka, na kwa matrekta yanayofanya kazi porini kuna vinasa cheche vinavyofungwa kwenye ncha ya bomba. Moto ukishaingia miombo, pamoja na marobota ya mwenye lori huungua mizinga ya wafuga nyuki wasiokuwa na habari yoyote na lori hilo.

Katibu si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Anachoweza kufanya ni kuandika hati ya kazi inayosema zaidi ya maneno "kutengeneza ekzosi". Hati itaje upana wa bomba kwa milimita, unene wa ukuta, kwamba bomba ni jeusi lisilo na zinki, idadi ya kona na nusu-kipenyo chake, na kwamba chama kitafanya majaribio mawili kabla ya kulipa.

Jaribio la kwanza hufanywa kabla bomba halijafungwa. Gololi ya mti huchongwa yenye upana wa sehemu tisa katika kumi za upana wa ndani. Bomba la nje milimita 76 na ukuta wa milimita 2 lina milimita 72 ndani. Gololi yake ni ya milimita 65. Hutiwa upande mmoja na bomba huinamishwa. Ikitoka upande wa pili, kona ni nzima. Ikikwama, fundi arudie kazi yake, naye hatakuwa na la kubisha, kwa sababu gololi haina upendeleo.

Jaribio la pili ni baada ya kufunga, asubuhi injini ikiwa ya baridi. Viungo vyote hupakwa maji ya sabuni, injini huwashwa taratibu, na mtu mwenye glavu huziba ncha ya bomba kwa kitambaa kilichokunjwa kwa muda mfupi tu. Penye mapovu pana tundu. Baada ya wiki moja ya kazi viungo vitazamwe tena: mstari mweusi wa masizi huonyesha mahali moshi ulipopita, na nati zilizolegea kwa joto la kwanza zikazwe.

Waya wa kigezo na ile gololi visitupwe. Vifungwe pamoja, viandikwe namba ya lori, na kutundikwa katika stoo ya chama karibu na vitabu vya ghala, mahali ambapo katibu ajaye ataviona.